Ndege chozi anaweza kuchavusha vanila?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina marando kama mia mbili ya vanila hapa Muleba. Msimu wa maua ukifika, mimi na mke wangu tunaamka alfajiri kuchavusha kwa mkono, na bado maua mengine yanatuponyoka. Kijana wetu amesoma kwamba huko Amerika, vanila ilikotoka, kuna ndege wadogo wanaosimama hewani mbele ya maua ya okidi na kuyachavusha. Hapa kwetu chozi wamejaa, wanashinda kwenye maua ya migomba. Nikipanda maua ya kuwavuta zaidi hawatanipunguzia kazi? Na hao wa Amerika wanafanyaje hasa?

JIBU: Nzuri, ndugu mkulima. Chozi hawatakupunguzia kazi, kwa hiyo usitumie pesa kupanda maua kwa ajili hiyo. Hata hivyo kijana amesoma kitu cha kweli. Vanila ni okidi, na zipo okidi za Amerika zinazochavushwa na ndege wavumaji, ndio hao wadogo wanaosimama hewani. Ila vanila haimo katika kundi hilo.

Chavua ya okidi nyingi haipeperuki kama ya mahindi. Imefungwa katika vifurushi viwili au zaidi vinavyoitwa polinia, na chini yake pana kibandiko chenye gundi. Ndege mvumaji anasimama hewani, anaingiza mdomo kwenye neli ya ua kufuata mbochi (maji matamu ya ua), na anapouchomoa gundi imeshanasa mdomoni. Anaruka na kifurushi kizima hadi ua jingine, na huko kinabaki kwenye stigma, sehemu ya kike ya ua inayonata na kupokea chavua. Safari moja inatosha kutunga maelfu ya mbegu. Ndiyo maana hata kwenye vanila yako, mguso mmoja unajaza podo zima zile chembe ndogo nyeusi.

Okidi za ndege utazitambua kwa macho. Nyingi ni nyekundu, za machungwa au za waridi, hazina harufu ya maana, na hazina jukwaa la kutua kwa sababu mgeni wake hatui. Mfano ni Comparettia falcata, ambayo imechunguzwa sana huko Puerto Rico. Ina mbochi kidogo mno, lakini ndege hawaachi kuipitia.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni rangi ya vifurushi vyenyewe. Kwenye okidi nyingi polinia ni za manjano, lakini kwenye zile za ndege wavumaji, kama jamii ya Elleanthus, mara nyingi ni za kijivu au zambarau iliyokoza. Mwaka 1971 mtaalamu wa okidi Robert Dressler alitoa maelezo haya: mdomo wa ndege ni mweusi, na kitu cha manjano kikikaa juu yake kitaonekana, ndege atakifuta kwenye tawi. Cha rangi nzito hakionekani kwa urahisi, basi kinafika salama. Kila nikiona polinia za kijivu chini ya hadubini nalikumbuka wazo hilo.

Sasa chozi wako. Wengi humdhani ndugu wa mvumaji kwa sababu ya udogo na mng'ao wa manyoya, lakini hawana undugu wa karibu. Wavumaji wako Amerika tu. Chozi anaweza kupapatika hewani kidogo, ila kwa kawaida hula ameshika kikonyo. Na Afrika nako kuna okidi zilizojirekebisha kwa tabia hiyo. Huko Afrika Kusini, Disa chrysostachya hubandika polinia zake kwenye vidole vya miguu ya chozi, pale anapokanyaga maua akipanda shina!

Ua la vanila limeumbwa kwa mgeni mwingine. Ni la kijani-manjano hafifu, lina harufu, hudumu asubuhi moja tu, na njia yake ya ndani inamfaa nyuki mkubwa anayejibana kuingia na kutoka. Kati ya chavua na stigma pana kiwambo, na asipokuwepo wa kukiinua, ua linanyauka bure. Nyuki wa misitu ya Mexico hawapo Kagera. Mbinu mnayotumia ninyi, ya kuinua kiwambo kwa kijiti na kubonyeza kwa kidole gumba, iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Mpaka leo wakulima wa vanila duniani wanaitegemea.

Kuhusu maua yanayowaponyoka, msiumie sana. Si lazima kuchavusha yote, maana rando likibebeshwa mzigo mkubwa linadhoofika. Kwenye kila kikonyo chenye shada la maua chavusheni maua 8 hadi 10, mkichagua yale ya upande wa chini ili mapodo yaning'inie yakiwa yamenyooka. Yaliyobaki yaacheni. Fanyeni kazi kabla ya saa sita mchana na mpite shambani kila siku, kwa kuwa kikonyo hufungua ua moja au machache tu kwa siku. Baada ya siku mbili au tatu kagueni: ua lililonyauka likiwa bado limeng'ang'ania ncha ya podo, limeshika. Likidondoka lote, chavusheni jingine kwenye kikonyo hicho hicho.