Nimeweka kalsiamu mara mbili na nyanya bado zinaoza kitako, inaenda wapi?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Ilula, nina nusu eka ya nyanya Rio Grande. Matunda yanaanza vizuri, yakifika saizi ya yai yanatoka doa jeusi kitakoni. Nimeshaweka CAN (mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu) mara mbili, nimepiga na busta ya kalsiamu majani yote yakalowa, wapi. Namwagilia kwa mtaro kila baada ya siku tano. Mwenye duka anasema ni ukungu nichukue dawa ingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada, na pole sana. Hiyo dawa ya ukungu usinunue kwanza. Kuoza kitako kunaanza na kijidoa cha majimaji pale palipokuwa na ua, kinakuwa kahawia halafu cheusi, panabonyea na kukauka kama ngozi ya kiatu, na tunda halinuki mpaka vimelea vingine viingie baadaye. Kama ndicho unachokiona basi hakuna mdudu wala ukungu hapo, tunda limekosa kalsiamu wakati linajengwa.

Sasa unaniuliza inaenda wapi, na hilo ndio swali lenyewe hasa. Inaenda kwenye majani.

Mmea una njia mbili za usafiri. Moja inaitwa zailemu, hii ni mirija ya seli zilizokufa inayopandisha maji na chumvichumvi kutoka kwenye mizizi. Ya pili ni floemu, seli hai zinazobeba sukari kutoka kwenye majani kwenda popote inapohitajika, iwe ni tunda au mzizi. Potasiamu inapanda zote mbili. Kalsiamu kwenye floemu haipiti, au inapita kidogo mno, kwa hiyo inategemea maji yanayopanda tu, na ikishashuka kwenye jani haitoki tena.

Na mchana maji hayapandi kwa kusukumwa na mizizi kama pampu, ingawa wengi tunadhani hivyo. Mchana jani linatoa mvuke kupitia vitundu vyake vidogo (stomata), na kwa vile chembe za maji zimeshikana, zinazotoka juu zinavuta zilizo nyuma yake mpaka chini kabisa kwenye vinyweleo vya mizizi. Wanasayansi Henry Dixon na John Joly wa Dublin, Ireland, ndio waliolieleza hili mwaka 1894 na mpaka leo maelezo yao yanasimama. Katika kila lita 100 zinazoingia mizizini, zaidi ya 95 zinaishia hewani kupitia majani, kwa hiyo anayetoa mvuke mwingi ndiye anayepata mzigo mwingi. Haya, angalia nyanya yako: ngozi yake inateleza, ina nta, stomata haina kabisa. Jua la saa saba mchana majani yanavuta kwa nguvu zote na tunda linaambulia matone, na kitako ndio mwisho wa njia kwa hiyo ndio kinaanza kufa njaa.

Ndio maana busta uliyopiga juu ya majani imebaki majanini. Ukitaka kupiga, lenga vitunda vyenyewe vikiwa kama gololi, na hapo pia usitegemee muujiza. CAN nayo ina kalsiamu lakini si nyingi, na karibu nusu ya nitrojeni yake iko katika hali ya amoniamu ambayo inagombania mlango wa mzizi na kalsiamu, halafu inachochea majani mapya, yaani unaongeza wavutaji. Simamisha, na yurea usiguse kabisa kwa sasa.

Ila mimi naona tatizo lako kubwa ni zile siku tano. Kalsiamu inaingia zaidi kwenye ncha changa za mizizi, sehemu iliyokomaa imeshajiziba kwa tabaka kama nta. Udongo ukikauka siku ya nne ncha zinakufa, siku ya tano unafurisha mtaro, mmea unaanza kuotesha ncha upya, kabla hazijakaa sawa udongo umekauka tena. (Na jembe la palizi likipita karibu na shina linafanya uharibifu huohuo.) Mwagilia kidogo kidogo kila siku mbili, ukiweza dripu ni bora zaidi, na funika tuta kwa mabua ya mahindi au nyasi kavu ili unyevu usipandepande na kushuka.

Kuna kipimo cha bure: ingia shambani saa kumi na mbili asubuhi uangalie kingo za majani. Ukiona vitone vimejipanga pembezoni kama shanga, huo sio umande, ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku wakati stomata zimefunga, na usiku huo ndio tunda linapata zamu yake ya kalsiamu. Siku usipoviona, ingiza kidole kwenye tuta mpaka kifundo cha pili, ukikuta pakavu mwagilia asubuhi hiyohiyo.

Zilizokwisha kuoza hazitapona, zichume zote zisiendelee kula sukari. Ukibadilisha maji leo, hesabu mafanikio kwenye vitunda vinavyofunga kuanzia wiki hii. Na kabla ya msimu ujao pima pH (kiwango cha uchachu) ya udongo, kama iko chini ya 5.5 tutaongelea chokaa, hiyo inawekwa mapema kabla ya kupanda.