Mistari mitatu tu, mbona hela nyingi hivyo?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimeona picha ya mchoro wa Barnett Newman, yule mchoraji wa Marekani, unaitwa Voice of Fire, ni mistari mitatu ya wima, bluu, nyekundu, bluu, basi. Eti jumba la sanaa la taifa la Canada lililipa dola milioni 1.8! Nasomea ubunifu lakini hapo sioni kitu, hata mdogo wangu ukimpa tepu anauchora. Niangalie nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri kabisa ndugu yangu. Hata Wakanada wenyewe mwaka 1990 walilumbana sana kuhusu hiyo hela mpaka wabunge wakaingilia. Ila wewe umeuona kwenye simu, si ndio? Mchoro wenyewe una urefu wa kama mita 5.4, karibu mara tatu ya kimo chako, na Newman alitaka watu wasogee, kwenye maonyesho yake ya New York mwaka 1951 alibandika kabisa tangazo kwamba michoro hii ni ya kuangaliwa kwa karibu. Ukisimama hapo macho hayana pa kukimbilia, nyekundu inakuja mbele, bluu inarudi nyuma, na pale zinapogusana, ukikazia macho, ule mstari wa mpakani unaanza kama kucheza. Mstari hauna mti wala sura ya mtu ya kukushughulisha, kwa hiyo unabaki na rangi na jirani yake, na kazi yote iko hapo.

Halafu hiyo tepu. Mwaka 1948 Newman alibandika tepu katikati ya kanvasi yenye wekundu wa kahawia, akapaka nyekundu kali juu yake kujaribu tu, kisha akaacha, akakaa anauangalia kama miezi minane hivi, ndo ukawa mchoro wake unaoitwa Onement I. Kupaka ni dakika chache, kujua kwamba inatosha ndo ngumu, na mimi hapo namheshimu sana.

Mtafute pia Gene Davis wa Washington, alikuwa mwandishi wa habari, michoro yake imejaa mistari myembamba kibao. Yeye alishauri uchague rangi moja, uifuate kutoka upande mmoja wa mchoro mpaka mwingine uone inavyojirudia. Na nyumbani kata vipande viwili vya karatasi ileile ya kijivu, kimoja weka juu ya njano, kingine juu ya bluu iliyokoza, halafu niandikie kama bado unaona kijivu kilekile.