Usiitoe servent nje ya maktaba yako

Ukiandika maktaba ya mtandao inayokaa juu ya C, iwe kwa Rust, Zig au lugha nyingine ya mifumo, itafika siku mtumiaji atataka kuuliza: smtp, huduma ya barua pepe, iko poti gani, yaani inapatikana kwa namba ipi? Jibu la mfumo huja ndani ya `struct servent`, muundo uliotoka na 4.2BSD, toleo la Unix, mwaka 1983 na ambao hadi leo umo kwenye `netdb.h`, faili la matangazo la C. Una sehemu nne tu: jina la huduma, majina yake mengine, namba ya poti na itifaki. Kwa udogo wake, wengi humkabidhi mtumiaji muundo wenyewe kama ulivyo. Nimetunza maktaba za aina hii, na ushauri wangu ni kinyume kabisa: nakili kila kitu, geuza aina zake, na muundo ule wa C ubaki ndani.

Poti ndiyo inayosumbua kuliko vyote. `s_port` imetangazwa kuwa `int`, lakini ndani yake mna baiti mbili tu zenye maana, tena kwa mpangilio wa mtandao, baiti kubwa mbele. Kwenye kompyuta ya kawaida ya Intel ukiuliza http, kilichomo si 80 bali 20480. Ukiuliza ssh utakuta 5632 badala ya 22. Kompaila haina la kusema, kwa kuwa zote ni namba halali. Wala kugeuza kwenyewe si kwa kubahatisha: kata kwanza hadi biti 16, ndipo utumie `ntohs`, inayogeuza biti 16 kutoka mpangilio wa mtandao kwenda wa kompyuta. Anayeigeuza `int` nzima kwa `ntohl`, ya biti 32, atapata 5242880 kwa http.

Windows ina yake. Huko `s_port` ni `short` yenye alama, kwa hiyo 443 ya https, kabla ya kugeuzwa, husomeka -17663. Zaidi ya hapo, kwenye Windows ya biti 64 `s_proto` hukaa kabla ya `s_port`, ilhali kwenye ya biti 32 poti ndiyo hutangulia, kama ilivyo Linux. Ukichukua tangazo la Linux na kulitumia huko, unasoma nusu ya anwani ya kumbukumbu ukidhani ni poti. Mtumiaji wa maktaba yako hapaswi kuyajua haya yote. Mpe `u16`, namba ya biti 16 isiyo na alama, iliyokwisha geuzwa, basi. Python hufanya hivyo hivyo: `socket.getservbyname('http')` hurudisha 80.

Jambo la pili ni umiliki. Kielekezi unachopewa na `getservbyname`, fanksheni ya C inayotafuta huduma kwa jina na kurudisha `servent`, huonyesha kumbukumbu ya mfumo wenyewe, na mwito unaofuata unaweza kuifuta na kuandika juu yake. Ni kama kusoma tangazo lililoandikwa kwa chaki: linakili kabla mwingine hajapita na kifutio. Kwenye programu yenye nyuzi nyingi hata kunakili haraka hakutoshi. Kwa glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, tumia `getservbyname_r` na bafa yako mwenyewe, na ukirudishiwa `ERANGE`, yaani bafa haitoshi, ongeza bafa ujaribu tena. Angalia pia kwamba huduma isipopatikana, `getservbyname_r` hurudisha sifuri na matokeo yakiwa `NULL`. Hilo si kosa la mfumo, ni "haipo" tu, na aina yako ya jibu iyatenganishe mawili hayo.

Itifaki usiichukulie kuwa pambo. Poti 514 kwa TCP ni `shell`, kwa UDP ni `syslog`. Poti 513 ni `login` upande mmoja na `who` upande mwingine. Fanksheni ya kutafuta kwa namba bila itifaki itatoa jibu lolote lililotangulia kwenye `/etc/services`, faili lenye orodha ya huduma na poti zake, kwa hiyo mimi hulazimisha itifaki itajwe. Kwenye rekodi yenyewe huihifadhi kama maandishi, si orodha fupi ya TCP na UDP, maana faili hilo linaweza kuwa na itifaki nyingine kama sctp au dccp.

Faili hilo nalo linaweza kukosekana. Imeji nyingi ndogo za kontena hazina `/etc/services`, na msimbo unaofanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako utaambiwa huko kwamba http haijulikani. Go wameweka jedwali dogo la huduma maarufu ndani ya maktaba yao ya `net`, na naona wamefanya vyema. Wanaotumia musl, maktaba nyingine ndogo ya C, wajue kuwa `getservent`, inayopaswa kutoa huduma moja baada ya nyingine, huko hurudisha `NULL` siku zote, kwa hiyo usijenge orodha ya huduma zote juu yake. Jaribu maktaba yako ndani ya kontena tupu mapema, kabla hujatangaza toleo, na uangalie hasa jibu la `domain`, yaani DNS, kwa TCP na kwa UDP: yote mawili yawe 53, kila moja na rekodi yake.