Maswali ya Wasomaji: Maji ya Waipa na Dawa ya Kuteleza Mvua Kiooni

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na kila Ijumaa jioni huendesha gari kwenda Arusha kumwona mama mzazi. Tangu masika yaanze, kioo cha mbele kinanisumbua sana usiku: taa za magari yanayokuja hutawanyika kama upinde wa mvua, na waipa zikipita huacha michirizi. Vijana wanaoniosheia gari hutia sabuni ya kuoshea vyombo kwenye tangi la maji ya waipa. Muuza spea amenishauri ninunue maji ya bluu yasiyoganda kwa baridi, na mwalimu mwenzangu husugua kioo kwa tumbaku ya sigara. Nimesikia pia kuna dawa inayofanya mvua iteleze yenyewe. Nishike lipi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mwalimu, pole na safari hizo za usiku. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni upande wa ndani wa kioo. Plastiki za dashibodi zikipigwa na jua kutwa nzima hutoa mvuke wenye mafuta, na mvuke huo hutua kiooni na kufanya utando mwembamba ambao mchana hauonekani, lakini usiku hutawanya kila mwanga unaoupiga. Futa upande huo kwa kitambaa safi kilicholowanishwa spiriti kidogo, milango ikiwa wazi, kisha ukaushe kwa kitambaa kingine. Ukifanya hivyo kabla ya kununua chochote, utajua ni sehemu gani ya tatizo lako inayotoka nje.

Sasa tuje kwenye maji ya waipa. Maji yasiyoganda yalitengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji, na mengi kati yake hutiwa methanoli, ambayo ni sumu: ikinywewa, hata kwa kiasi kidogo, inaweza kupofusha na kuua. Kati ya Moshi na Arusha maji hayagandi tangini, hivyo hakuna sababu ya kulipia kinga usiyoihitaji wala kuweka sumu hiyo nyumbani. Adui wa kioo chetu ni vumbi, hasa lile la tambarare za Boma Ng'ombe na uwanja wa ndege wa KIA wakati wa kiangazi, pamoja na wadudu na moshi wenye mafuta unaotoka kwenye malori. Nunua maji ya waipa ambayo kazi yake ni kusafisha, na kama ni ya kuchanganya, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Rangi isikuongoze hata kidogo, kwa sababu kulanti ya rejeta, yaani maji ya kupozea injini, nayo huuzwa ikiwa ya bluu, ya kijani au nyekundu, na wapo waliowahi kuimimina kwenye tangi la waipa. Kulanti huacha utelezi kiooni usiotoka kwa urahisi, na ethilini glikoli iliyomo katika kulanti nyingi ina ladha tamu inayoweza kumvuta mtoto au mbwa. Maji ya waipa na kulanti, vyote viwili viache katika chupa zake vilivyonunuliwa nazo, wala usivihamishie kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Sabuni ya vyombo waambie vijana waiache. Hutoa povu jingi, na ikikauka huacha utando ambao waipa huusambaza kila zinapopita. Sehemu ya michirizi yako inatoka hapo. Sabuni ya unga ni mbaya zaidi, maana chembe ambazo hazikuyeyuka huziba vitobo vya kurushia maji. Siku utakayoishiwa na maji ya dukani, tumia maji ya mvua uliyoyachuja kwa kitambaa, kwani hayana chumvichumvi kama ya visima vingi, ambayo yakikauka huacha madoa meupe. Hata hivyo maji matupu yasikae tangini miezi na miezi. Mwaka 2010 watafiti wa afya nchini Uingereza walieleza kuwa maji ya waipa yasiyotiwa dawa huenda yakafuga bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu pale mtu anapovuta hewani matone yao madogo.

Kuhusu tumbaku, mwenzako hajakosea kabisa, kwani kioo kilichosuguliwa hivyo hufanya maji yatandae badala ya kusimama matone, na kwa muda mfupi mtu huona vizuri. Lakini mvua na waipa huiondoa upesi, na makapi yake hubaki kwenye raba. Ninalolikataa waziwazi ni kupaka mafuta ya taa au dizeli, kwa sababu huharibu raba za waipa na kukuachia mng'ao ule ule unaoukimbia.

Dawa ya kutelezesha mvua hufanya kazi kinyume cha tumbaku. Kwa kawaida maji hupenda kioo kisafi na hutandaa juu yake. Dawa hii huweka tabaka jembamba linaloyakataa, yakajikunja kuwa matone ya duara, kisha upepo wa mwendo huyasukuma juu hadi yakaondoka. Tazama hapo neno upepo. Kwa dawa nyingi matone huanza kukimbia vizuri gari linapofika kilomita 60 au 70 kwa saa. Barabara yako hupita vijiji na masoko mfululizo, hasa kati ya Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, ambako mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50, na hapo matone yatabaki yamesimama yakisubiri waipa. Kwa hiyo dawa itakufaa katika vipande vilivyo wazi, lakini haitachukua nafasi ya waipa nzima. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ningenunua raba mpya za waipa mwezi Februari, kabla ya masika, kwa kuwa jua letu huzikausha na kuzipasua ndani ya mwaka mmoja.

Ukiamua kupaka, dawa za silikoni ni rahisi na hudumu wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu. Za florini hudumu zaidi, na bei yake iko juu. Kazi yote iko kwenye maandalizi. Osha kioo kwa maji mengi kwanza, kwani kulisugua vumbi likiwa kavu ni kukikwaruza. Kisha kisugue kwa dawa ya kung'arisha vioo mpaka maji yatandae sawasawa bila kujitenga, futa kwa spiriti na uache kikauke. Gari liwe kivulini na kioo kiwe baridi. Paka kwa mizunguko midogo, subiri utando mweupe utokee, kisha ung'arishe hadi usione hata kivuli chake.

SWALI: Naendesha watalii, makazi yangu ni Arusha. Nimepaka dawa hiyo mwenyewe na sasa waipa zinarukaruka na kulia. Je, nimeuziwa dawa mbovu?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, mara nyingi huko ni kutong'arisha vya kutosha. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu, ukaushe na ung'arishe tena, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye ukingo wa raba mpaka kisitoke cheusi. Zikiendelea kuruka, bonyeza raba kwa kidole: ikiwa ngumu au ina nyufa, badilisha raba na uiache dawa ilivyo.