Anza na nguvu ya ayoni kabla hujagusa zao la umumunyifu

Katika kuwasaidia wanafunzi kukokotoa umumunyifu wa chumvi zisizoyeyuka kwa urahisi, nimeona wengi wakikimbilia kutafuta kipeuo cha pili cha zao la umumunyifu (yaani mikolezo ya ayoni za chumvi ikizidishwa pamoja mmumunyo unaposhiba, kama inavyochukuliwa kwa kawaida) kabla ya kujiuliza mna nini kingine katika mmumunyo. Nashauri uanze na ayoni zote zilizomo, hata zile zisizounda mashapo: zidisha mkolezo wa kila moja kwa kipeo cha pili cha chaji yake, jumlisha, kisha gawanya kwa mbili. Hiyo ndiyo nguvu ya ayoni.

Chukua bariamu salfeti, ambayo zao lake la umumunyifu katika nyuzijoto 25 za Selsiasi ni takriban 1.1 × 10⁻¹⁰. Katika maji safi utapata moli 1.0 × 10⁻⁵ kwa lita, na hapo sioni haja ya kuhangaika na utendaji wa ayoni, yaani mkolezo wake unaofanya kazi kwa kweli. Weka chumvi hiyohiyo katika potasiamu nitrati ya moli 0.01 kwa lita, na kigezo cha utendaji (namba unayozidisha na mkolezo ili upate utendaji) cha ayoni zenye chaji mbili kinashuka hadi karibu 0.65. Kwa kuwa kinachobaki thabiti ni zao la utendaji, wala si la mikolezo, umumunyifu unapanda hadi 1.6 × 10⁻⁵, ingawa nitrati haikushiriki kabisa katika mmenyuko.

Chagua kwa uangalifu mlinganyo wa kukokotolea kigezo hicho. Ule wa awali wa Debye na Hückel, wa mwaka 1923, unafaa kwa mimumunyo hafifu sana tu; nguvu ya ayoni ikifika 0.1, unakupa 4.6 × 10⁻⁵ kwa bariamu salfeti, ilhali mlinganyo wa Davies, ninaouamini zaidi hapo, unakupa 2.8 × 10⁻⁵.

Jasi, yaani kalisiamu salfeti yenye maji, inahitaji subira zaidi, maana ayoni zake zenyewe ndizo zinazoongeza nguvu ya ayoni. Kadiria umumunyifu, tafuta vigezo, kokotoa upya, na urudie hadi jibu litulie. Kwa zao la 3.1 × 10⁻⁵, na kwa mlinganyo wa Debye na Hückel uliopanuliwa, utaanza na 0.0056 na kuishia karibu na 0.013, wakati vipimo vya maabara huonyesha takriban 0.015. Usiilaumu kalkuleta: sehemu ya kalisiamu na salfeti huelea majini zikiwa zimeshikana jozijozi, na jozi hizo hazimo katika mlinganyo wako mpaka uziingize mwenyewe.