Ngazi hupandwa kutoka chini

SWALI: Mwalimu, najifunza kupiga kwa gitaa “Stairway to Heaven” ya bendi ya Led Zeppelin. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) zote nazipata, lakini wimbo mzima unatoka sauti moja. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, unaanza na nguvu mno, hujiachii pa kupandia. Wimbo huu wa 1971 una dakika kama nane, na ngoma haziingii mpaka dakika ya nne imepita! Mwanzoni weka kando piki, kile kibapa cha kupigia nyuzi. Dona kwa ncha za vidole karibu na shingo ya gitaa, ambako nyuzi hulia laini. Kila noti iache ilie mpaka ifuatayo. Kasi nayo huongezeka taratibu, usiikimbilie. Mwishoni, kwenye kodi za Am, G na F, shika piki, sogea kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, upige kwa kifundo cha mkono. Bega lilegee.