Hema, Ziwa na Likizo ya Septemba: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu mshauri, salamu nyingi kutoka Buswelu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 4. Mdogo wangu anayeishi Uswidi alitutumia picha za familia yake walipopiga kambi msituni kwa usiku mmoja katika majira wanayoyaita vuli, majani ya miti yakiwa mekundu na ya dhahabu, na tangu siku hiyo watoto hawanipi nafasi ya kupumua. Anasema kule mtu hufunga hema karibu popote apendapo bila kumwomba mtu ruhusa. Mume wangu amekubali twende mwezi wa Novemba, ili na sisi iwe kambi ya vuli, tulale ufukweni kabisa na watoto wapate kuogelea. Hema la watu wanne tumeazima kwa jirani. Je, kuna jambo la kuzingatia?
Msomaji, Buswelu, Mwanza.

JIBU: Dada yangu, kabla hatujafika kwenye hema na mazagazaga yake, tuanze na neno hilo vuli, kwa sababu ndilo litakalowalowanisha. Vuli ya mdogo wako na vuli yetu zinalingana jina tu. Kule kaskazini, siku zinapofupika na baridi inapoanza, mti huondoa ukijani katika majani yake, rangi za manjano na nyekundu zikajitokeza, kisha majani yakapukutika. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote haifiki nusu saa, kwa hiyo mti wa huku hauna wa kuuambia kwamba mwaka unazeeka. Vuli yetu ni mvua, ile inayoanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, na Novemba mmejichagulia katikati yake. Waliolichukua neno la mvua na kulipa kazi ya kutaja msimu wa majani ya Ulaya hawakutufikiria sisi tunaotaka kulala kwenye hema.

Nendeni katika likizo fupi ya Septemba. Mashamba ya Usukuma yamekwisha kuvunwa, nyasi zimekauka na kuwa na rangi ambayo jua la saa kumi na moja jioni likiipiga hamtaona sababu ya kuwaonea wivu watu wa Uswidi, na mvua, ingawa moja mbili zinaweza kuponyoka mapema, bado haijajipanga. Isitoshe, kuanzia mwezi huo mbayuwayu wa Ulaya huanza kuwasili Afrika Mashariki wakiikimbia baridi ya kwao, kwa hiyo waambie watoto watazame angani jioni, kwani kipande cha ile vuli ya mama mdogo au mjomba wao huenda kikapita juu ya vichwa vyao.

Kuhusu kulala ufukweni, nasema kwa uchungu wa mtu aliyelowa. Miaka kadhaa iliyopita, mwishoni mwa Oktoba, niliwapeleka wanangu kulala kwenye ufuko wa mchanga siku ambayo maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba ungedhani ziwa limepigwa pasi. Nilifunga hema hatua kumi tu kutoka majini, kwa sababu nilitaka watoto waamke na kuyaona maji mlangoni. Saa tisa usiku niliamshwa na ukimya: upepo ulikuwa umekata ghafla na vyura wamenyamaza. Dakika chache baadaye ukarudi kutoka upande mwingine kabisa, vigingi vikang'oka mchangani kimoja baada ya kingine kama meno ya utotoni, na binti yangu mdogo akawa ameketi katikati ya lile turubai linalopigapiga, amekumbatia sufuria ya ugali wa jioni kana kwamba ndiyo mali pekee iliyostahili kuokolewa. Tulimalizia usiku ndani ya kibanda cha wavuvi wa dagaa, tukinywa chai ya rangi yenye tangawizi ya kukwangua koo. Mzee mwenye kibanda aliniuliza swali moja tu: «Mwanangu, mchanga wote ule ulivyolala sawasawa, ulidhani ni nani anayeusawazisha?»

Sababu yake si siri. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka, ziwa ndilo linalobaki na joto, upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mawingu makubwa hujijenga juu ya ziwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga kati ya usiku wa manane na alfajiri, na wavuvi wamelijua hilo kwa gharama ya roho za watu. Kwa hiyo anayefunga hema saa kumi jioni akiutegea mgongo upepo wa ziwani, ajue kwamba kabla hakujakucha upepo utamjia usoni. Kaza kamba pande zote nne. Mkiwa kwenye mawe, ambako kigingi hakiingii, fungeni kamba kwenye jiwe ambalo mume wako analiinua kwa shida. Lile analoliinua kwa mkono mmoja litaondoka na hema.

Ni umbali gani basi kutoka majini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hema la usiku mmoja si nyumba, lakini mimi kipimo hicho nakipenda kwa sababu zangu nyingine. Ndani ya mita hizo ndimo viboko wanamopita usiku kwenda malishoni, na njia yao utaitambua, kwani ina mikondo miwili iliyokanyagwa na kituta cha nyasi katikati, mfano wa barabara ya gari katika shamba. Ukiiona, ondoka hapo hata kama pana kivuli cha kupendeza namna gani. Ndani ya mita hizo pia ndimo mamba anamoota jua, na ndimo mbu wanamozidi. Pandeni juu kidogo, kwenye ardhi yenye mteremko mdogo ili maji yasituame chini yenu.

Sasa kuogelea, na hapa nitawaudhi watoto: wasiogelee. Kichocho kimejaa katika mwambao wetu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye magugu, navyo hutoka kwa wingi hasa jua linapokuwa kali kuelekea adhuhuri, saa ileile ambayo mtoto anataka kuruka majini. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu, na kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya kuogea chukueni nyumbani kwenye madumu, au chemsheni ya ziwani. Maji yaliyokaa kwenye chombo safi bila konokono kwa siku mbili, vijidudu hivyo huwa vimekufa, ila hayajawa ya kunywa kwa sababu hiyo. Ikitokea mmoja amechovya miguu, na itatokea, mpelekeni kupima baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kisionyeshe kitu; dawa ya prazikwanteli ipo na inafanya kazi.

La ruhusa nimelibakiza makusudi. Mdogo wako hakuwadanganya: Uswidi wana haki ya kila mtu kupita na kulala usiku mmoja katika ardhi ya mwingine, mradi asisogelee nyumba wala asiharibu kitu, na tangu 1994 haki hiyo imetajwa katika katiba yao. Huku kwetu, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na kichaka unachokiona hakina mtu kina wenyewe. Fikeni mapema, kabla ya saa kumi, muulizie mwenyekiti wa kitongoji, mwamkieni, mwelezeni mnataka kulala wapi na mko wangapi. Mara nyingi atawaonyesha mahali pazuri kuliko mlipopaona ninyi, na jambo la maana zaidi, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, watakuwa na habari zenu. Sitaki kukumbuka namna inavyokuwa kujieleza saa saba usiku mbele ya vijana wenye fimbo na tochi, wewe ukiwa na kaptura ya kulalia.

Kama hayo yote yanawachosha, kwa mara ya kwanza nendeni Bujora, karibu na Kisesa, takribani kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Ziwa halipo mlangoni, lakini pana makumbusho ya Wasukuma, ngoma za kale, jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na mawe ya kupanda hadi watoto wachoke wenyewe. Wasilianeni nao kabla ya kwenda. Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na kina kilomita za mraba 2 na ushei tu, kinafaa sana kwa matembezi ya mchana. Habari za kulala huko ulizeni ofisi ya hifadhi, Capri Point.

Chakula sitakisemea sana, wewe ni mama wa Mwanza. Beba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa kuwa mtoto wa miaka minne akilia njaa saa tano usiku, hakuna anayetaka kuwasha moto upya.

SWALI: Sisi tuko Magu, na tumewahi kulala kwenye hema mara mbili. Tatizo letu ni baridi ya usiku. Je, ni salama kuingiza jiko la mkaa ndani kwa muda mfupi, mpaka hema lipate joto, kisha kulitoa?
Baba wa watoto wanne, Magu.

JIBU: Hapana, kaka, hata kwa dakika tano, hata zipu ikiwa wazi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia, huzidi kulala. Mkaa uliofunikwa majivu na kuonekana umekufa ndio hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayeuogopa.

Nadhani baridi yenu haitoki juu, inatoka chini. Usiku wa kiangazi huku hushuka hadi kati ya nyuzi 15 na 18, ambayo si baridi ya kutisha, lakini ardhi humnyonya mtu joto usiku kucha, na blanketi mbili za kujifunika hazisaidii ikiwa chini kuna mkeka mtupu. Tandikeni turubai, juu yake godoro la sponji hata lile jembamba, halafu kitenge. Chemsheni maji jioni, jazeni kwenye chupa ngumu zenye kifuniko cha kukaza, zungushieni kanga mbili na mwekeeni kila mtoto miguuni. Moto wa nje uzimwe kwa maji kabla ya kulala, na kabla ya kuuwasha fyekeni nyasi pande zote kwa hatua tatu au nne, maana Septemba nyasi za Magu zinasubiri cheche moja tu.

SWALI: Mimi ni bibi, niko Nansio. Wajukuu zangu wanakuja kwa meli kutoka Mwanza na wanataka kambi. Miguu yangu haiwezi kwenda mbali. Nikiwafungia turubai na vyandarua shambani kwangu, nyuma ya migomba, hiyo nayo ni kambi au nitakuwa nimewadanganya?
Bibi wa Ukerewe.

JIBU: Shikamoo bibi. Hiyo ni kambi, na kati ya wote walioniandikia mwezi huu, yako ndiyo ningependa kualikwa. Choo kipo, maji yapo, mwenye ardhi ni wewe, na mvua ikianza ni hatua ishirini hadi ndani. Chandarua kifike chini na kukunjwa chini ya godoro, kwa sababu mbu wa malaria huja usiku wakati watoto wameshalala. Viatu vyao vilale ndani ya chandarua pamoja nao, na asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa ajili ya nge.

Ombi langu ni moja tu, bibi, nalo ni la siku. Wasije wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea mwanga wa taa zao kuwavuta dagaa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hupumzika, na kwenye giza ndipo wanapotoka kwa wingi. Kama shamba lako lina mahali palipoinuka panapoona maji, wapeleke wajukuu hapo saa mbili usiku, wakae juu ya mkeka, uzime tochi, nao wataona taa zikijipanga ziwani mpaka watakuuliza huo ni mji gani. Tarehe za giza kaulize mwaloni, wanakoegesha mitumbwi wavuvi. Wenye mitumbwi hawahitaji kalenda.